Siki, bekingi soda na sabuni ya mche kwenye chupa moja: mbona inaganda na haisafishi?

MgeniWaDom

Wakuu, habari za jioni. Nataka kupunguza dawa kali za kusafishia humu ndani. Mtoto ameanza kutambaa, kila anachookota kinaishia mdomoni, na kuna paka anayelala popote.

Kuna mchanganyiko unazunguka sana kwenye magrupu: siki nyeupe vikombe 2 (nusu lita), bekingi soda vijiko 2 vya chakula, robo ya mche wa sabuni iliyokunwa, limau moja na maji nusu lita, vyote chupa moja ya kupulizia. Nimefuata hivyo hivyo. Ilifura ikamwagika, ilipotulia yakabaki maji ya kijivu yenye mabonge meupe yanayoelea, mdomo wa kupulizia umeziba, na mafuta ya kwenye jiko la gesi hayakutoka hata kidogo.

Mazingira: maji ni ya kisima, yanaacha ukoko mweupe kwenye jagi la umeme na mabomba. Sebuleni vigae, korido ni tirazo, bafuni vigae vyeupe vina utando wa kijivu hautoki kwa kusugua. Sufuria karibu zote za alumini. Naomba vipimo vinavyofanya kazi, na vinakaa muda gani bila kuharibika.

---

KemiaYaJikoni

Vipimo umefuata vizuri, tatizo ni mchanganyiko wenyewe. Siki ni asidi, bekingi soda ni alkali, ukizikutanisha zinauana. Kijiko kimoja cha chakula cha soda (gramu 14 hivi) kinamaliza nguvu ya siki ya asilimia 5 kiasi cha mililita 200. Kwa hiyo vijiko vyako viwili vimeua mililita 400 kati ya 500, na soda yenyewe imekwisha. Siki iliyobaki, pamoja na limau, ikaigeukia sabuni ya mche. Sabuni ya mche ikikutana na asidi inarudi kuwa mafuta, na hayo ndiyo mabonge unayoyaona. Umebaki na maji yenye chumvi kidogo na mafuta juu, sasa yatatoaje mafuta mengine jikoni?

Povu lile lilikuwa hewa ukaa tu. Vijiko viwili vya soda vinatoa karibu lita 8 za hewa hiyo, kwa hiyo ashukuriwe Mungu hukukaza kifuniko, chupa ingepasuka.

Tenganisha. Asidi inatoa vitu vya chokaa: ukoko wa maji, alama za matone, ukoko wa mkojo chooni, kutu. Alkali inatoa mafuta. Sabuni inabeba vumbi na uchafu wa kila siku.

Chupa ya asidi: siki nyeupe mililita 250, maji mililita 250, sabuni ya maji ya vyombo kijiko 1 cha chai. Sabuni ya MAJI, si ya mche. Sabuni nyingi za maji za vyombo hazigandi kwenye asidi, na hiyo kidogo inafanya siki itande ukutani badala ya kuteleza kama maji kwenye jani la mgomba. Soma lebo ya siki, iwe asilimia 4 au 5. Siki ya mnazi ya Pwani iache kwenye achari, ina rangi na masalia, itakuachia madoa. Mchanganyiko huu unakaa miezi bila shida.

Chupa ya kutoa mafuta: soda ashi kijiko 1 cha chakula kwenye maji ya moto lita 1, koroga mpaka iyeyuke, kisha sabuni ya maji kijiko 1 cha chai. Pulizia kwenye jiko la gesi, subiri dakika 5, futa, kisha pitisha tambara la maji matupu mara mbili. Soda ashi ni kali kuliko bekingi soda, vaa glavu na usipulizie usawa wa macho. Isiguse alumini wala mbao yenye vanishi. Haina sumu ya kutisha ikishasuuzwa, ila ikiwa bado unga mtoto asiifikie.

Huna soda ashi? Itengeneze kwa bekingi soda. Tandaza unga kwenye treya ya chuma, tabaka jembamba, oveni nyuzi 200, saa moja. Bila oveni tumia karai la chuma kwenye moto mdogo huku unakoroga. Utaona unga unatembea kama uji unaochemka, ndio hewa na mvuke vinatoka. Ukitulia kabisa, endelea dakika 10 za ziada. Mizani ndiyo shahidi: gramu 100 zinabaki gramu 63 hivi. Zikibaki 80, bado haijaiva.

Ya kila siku kwenye vigae: maji ndoo ya lita 10, sabuni ya maji vijiko 2 vya chakula. Basi. Ukizidisha, sakafu inanata na inakamata vumbi zaidi ya ilivyokuwa.

Na angalia usinunue bekingi pauda ukidhani ni bekingi soda. Ile ya pauda tayari ina asidi kavu na wanga ndani, inajimaliza yenyewe ikipata maji na kukuachia ujiuji.

---

FundiTirazo

Kabla hujapulizia hiyo chupa ya asidi: KORIDO USIGUSE. Tirazo ni vipande vya marumaru ndani ya saruji, vyote viwili vinaliwa na asidi. Siki, ndimu, sitriki (ule unga mchachu wa juisi), vyote. Tone likikaa dakika chache unapata doa lisilong'aa, na hilo si uchafu, ni jiwe limelika. Haliondoki kwa kufuta, ni la kusagwa kwa mashine na kupigwa polishi upya. Hivyo hivyo kaunta za mawe ya chokaa, sakafu ya saruji iliyopigwa niru, na kuta za chokaa za nyumba za Mji Mkongwe au Lamu. Kwenye tirazo deki kwa maji na sabuni ya maji kidogo, kijiko 1 cha chakula kwa lita 10, kisha maji matupu.

Vigae vya kawaida vyenye vanishi ya kioo havidhuriki na siki iliyochanganywa, lakini ile saruji nyeupe katikati ya vigae inalika polepole. Iloweshe kwanza maji matupu ili isinywe asidi, pulizia, subiri dakika 10, suuza kwa maji mengi. Mara moja kwa wiki mbili inatosha, si kila siku.

---

MgeniWaDom

Nimeelewa kwa nini mafuta hayakutoka. Nauliza tena: ule utando wa kijivu bafuni ni chokaa au ni sabuni? Na ndimu badala ya siki je? Hapa sokoni kuna magadi ya mawe, ni kitu kimoja na hiyo soda ashi?

---

KemiaYaJikoni

Utando wa bafuni ni vyote viwili. Maji yako yana kalsiamu nyingi, inashikana na sabuni ya mche au ya kuogea na kuwa kitu kigumu kisichoyeyuka kwa maji. Ndiyo maana kusugua kwa sabuni kunaongeza utando, unampa mgonjwa kilichomuuguza. Fuata mpangilio: chupa ya asidi, dakika 10 hadi 15, sugua kwa brashi, suuza. Asidi inaing'oa kalsiamu na kuacha mafuta laini yanayoteleza ukiyashika kwa kidole. Ndipo upitishe sabuni ya maji uyaondoe. Ukianza na sabuni kisha siki, utabaki na mafuta ukutani.

Ndimu inafanya kazi, asidi yake iko karibu sawa na siki, asilimia 5 mpaka 6. Ila ina sukari na nyuzinyuzi: inavuta sisimizi, na ikikaa siku mbili tatu kwenye chupa inaota ukungu. Tena kikombe kimoja kinataka ndimu kumi hivi. Za kachumbari zitatoka wapi?

Bora ununue sitriki, ule unga mweupe mchachu wanaotia kwenye juisi. Kwa jagi la umeme: vijiko 2 vya chakula kwa maji lita 1, washa mpaka yaanze kutoa mvuke, ZIMA, acha dakika 30, mwaga, kisha chemsha maji matupu mara moja uyamwage. Usiiache ichemke muda mrefu, kwa sababu ikipata joto kali na kalsiamu nyingi inatengeneza ukoko mwingine mweupe mgumu kuliko wa kwanza. Ukoko ukiwa mnene rudia mara mbili, usizidishe unga. Na usikwangue kwa kisu.

Kwenye bomba lililoziba vijitundu: loweka kitambaa kwenye maji hayo hayo ya sitriki, kizungushie, dakika 15, toa, sugua kwa mswaki wa zamani. Usikiache usiku kucha, ile rangi ya kung'aa ya bomba inabanduka.

---

JikoSafi_Tanga

Mdogo wangu, hapo kwenye magadi ndipo watu wanapochanganyikiwa, kwa sababu mtaani "magadi soda" ni jina la kila kitu. Magadi ya mawe, yale ya Ziwa Natron au Ziwa Magadi kule Kenya, ni mchanganyiko wa asili wa soda ashi na bekingi soda, pamoja na udongo na mchanga. Mafuta yanatoa vizuri. Ponda, vijiko 3 vya chakula kwa lita 1, chemsha dakika 10 kwenye sufuria ya stili au bakuli la chuma lenye enameli, acha itulie usiku kucha, asubuhi mimina ya juu iliyo safi na uichuje kwa kitambaa. Tope la chini mwaga. Mchanga ukibaki ndani utakuna vioo na vigae. Pia magadi yana madini ya floraidi, kwa hiyo vyombo vya mtoto na chupa za maziwa usivioshee hayo. Sabuni na maji ya moto vinatosha.

Usichemshie kwenye sufuria ya alumini. Alkali inaila alumini, utaona vipovu vinatoka kwenye kuta za sufuria na baadaye inapiga weusi. Sufuria yenye weusi ndani unairudisha kwa asidi: jaza maji yapite alama ya weusi, tia ndimu 2 zilizokatwa pamoja na maganda au ukwaju konzi moja, chemsha dakika 10 hadi 15, mwaga, sugua kwa upande laini wa sponji. Ukwaju na chumvi ndio huo huo wa kung'arisha sinia na birika za shaba: paka ujiuji, dakika 5, suuza na kausha hapo hapo, ukiacha na unyevu inarudi kuwa ya kijani.

Masizi ya nje ya sufuria ya kuni usihangaike nayo baadaye. Kabla ya kubandika, paka kitako cha sufuria sabuni ya mche iliyolowana, tabaka jembamba kama unavyopaka samli kwenye chapati. Masizi yanashika sabuni badala ya kushika chuma, ukiosha yanaondoka na maji. Ukisahau, majivu: yachekeche kwa chekecheo la unga, kijiko kwenye tambara bichi, sugua. Majivu yana alkali yake na chembe zinazokuna kidogo. Yawe ya kuni au mkaa safi. Jiko lililochomewa plastiki au mbao za rangi, hayo majivu mwaga mbali. Na kwenye kikaango kisichoshika chakula, majivu hayaingii, wala stili waya.

Kwa sinki na vikombe vyenye madoa ya chai: bekingi soda vijiko 3, maji kijiko 1, inakuwa nzito kama dawa ya meno. Sugua, suuza. Tengeneza ya siku hiyo tu, kesho itakuwa jiwe.

---

Nyundo

Mnasema siki na soda zinauana, mbona kwenye sinki lililoziba inazibua? Inachemka kabisa na maji yanashuka.

---

KemiaYaJikoni

Inachemka kwa sababu ya hewa, na hewa hiyo inaponyokea juu pasipo na kizuizi. Ikizibua, mara nyingi ni yale maji mengi ya moto uliyomwagia mwishoni ndiyo yaliyosukuma. Mafuta yaliyoganda kwenye kona ya bomba hayayeyushwi na ile chumvi inayobaki. Kinachosaidia: pampu ya mpira (ziba kwanza tundu la pembeni la sinki kwa tambara, la sivyo unasukuma upepo), kisha maji ya moto lita 3 yenye soda ashi vijiko 2 na sabuni ya maji kijiko 1. Ya moto, si ya kuchemka. Mabomba mengi ni ya plastiki, maji yanayotokota yanayalegeza kwenye maungio. Isipofanya kazi, weka ndoo chini, fungua kile kikombe au kona iliyo chini ya sinki, utoe uchafu kwa mkono. Dakika 10 na hakuna kemikali.

---

AfyaKwanza

Niongeze upande wa vijidudu maana naona haujaguswa. Siki, ndimu na bekingi soda vinasafisha, HAVIUI vijidudu kwa kiwango cha kutegemewa. Kwa siku za kawaida hilo si tatizo, sabuni na kusuuza vinaondoa vijidudu vingi pamoja na uchafu. Lakini kuna mahali msiweke imani kwenye siki.

Ubao uliokatiwa kuku mbichi: sabuni na maji ya moto kwanza, kisha jiki kijiko 1 cha chai kwa maji lita 1, uache ukauke wenyewe.

Nyumba yenye mgonjwa wa kuharisha au kipindi cha kipindupindu: sakafu na choo vinataka klorini ya asilimia 0.2. Kwa jiki ya asilimia 3.5 ni vijiko 4 vya chakula (mililita 60) kwa maji lita 1. Futa uchafu kwanza, kwa sababu uchafu unaila klorini kabla haijafika kwenye vijidudu, kisha mwagia uache dakika 10. Ukiwa na jiki ya asilimia tofauti, gawa asilimia ya chupa kwa 0.2, toa moja, unapata sehemu za maji kwa sehemu moja ya jiki. Iliyochanganywa tengeneza upya kila siku, inapoteza nguvu. Wahudumu wa afya wakitoa kipimo kingine, fuata chao.

Sasa hatari yenyewe. Jiki na siki, ndimu, sitriki au dawa ya choo yenye asidi: inatoka gesi ya klorini, inaunguza macho na mapafu, na bafu dogo lisilo na dirisha ndipo inapoumiza. Jiki na mkojo uliokaa chooni: gesi nyingine kali, kwa hiyo mwaga maji kwanza ndipo uweke jiki. Jiki na spiriti pia hapana. Ukipulizia asidi leo bafuni, suuza kabisa, na jiki iwe siku nyingine.

Mtoto na paka: "asili" na "salama" ni maneno mawili tofauti. Mafuta ya karafuu, mkaratusi na mchaichai yanayotiwa kwa ajili ya harufu ni makali sana yakiwa hayajachanganywa. Paka hawana uwezo mzuri wa kuyavunja mwilini, analala sakafuni, anajilamba, anaumwa. Kwenye nyumba yako yaache kabisa. Mwenye kutaka harufu na hana paka: matone 5 kwa nusu lita, yakorogwe kwanza kwenye kile kijiko cha sabuni, la sivyo yanaelea juu na pulizo la mwisho linakuwa mafuta matupu.

Na usihifadhi chochote kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Siki iliyochanganywa inafanana na maji, soda ashi iliyoyeyuka inafanana na maji. Andika jina na tarehe kwa maka peni, weka juu.

---

MgeniWaDom

Shukrani wote. Choo kina ukoko wa njano usawa wa maji, na chini ya bomba la kisima kuna doa la rangi ya kutu ambalo jiki limelifanya liwe jeusi zaidi. Hapo ni sitriki?

---

JikoSafi_Tanga

Ndiyo, yote mawili ni kazi ya asidi. Kutu ukiimwagia jiki unaishikiza, kwa hiyo suuza sana na usubiri kesho. Choo cha kukaa: sukuma maji yashuke kwa brashi au uyachote kwa kikombe mpaka ukoko uwe nje ya maji, nyunyiza sitriki vijiko 4 vya chakula, usiku kucha, asubuhi sugua. Ukimwaga juu ya maji yaliyojaa unapoteza tu unga. Choo cha kuchuchumaa: loweka karatasi ya chooni kwenye siki isiyochanganywa, ibandike juu ya ukoko, usiku kucha. Doa la kutu: ujiuji wa sitriki na maji kidogo, dakika 20, sugua, rudia. Lakini liko juu ya nini hilo doa? Kama ni tirazo usiguse.

---

MgeniWaDom

Ni kwenye beseni la kunawia, la kauri. Na hii chupa ya zamani yenye mabonge, naweza kuitumia popote au nimwage?

---

KemiaYaJikoni

Mwaga, lakini chuja mabonge kwanza uyatupe kwenye taka, usiyapeleke kwenye bomba la sinki, ni mafuta yataganda huko. Mdomo wa kupulizia ung'oe, loweka kwenye maji ya moto yenye soda ashi kijiko cha chai kwa saa moja, kisha pulizia maji matupu mara kumi. Ukiutumia tena kwa siki bila kuusuuza, masalia ya sabuni yataganda upya ndani ya kile kijitundu.